Salamu kwa Demetria

Kibamba, 8 Juni 2025

Shikamoo baba,

Natumaini wewe na mama hamjambo, na goti lako limetulia. Mie huku mzima, ila kazi za ofisini haziendi kwa furaha. Najua hupendi ujumbe wa vifupisho, basi naandika barua nzima kama ulivyonifundisha.

Baba, wimbo wako umepokelewa! Niliupakia mtandaoni Jumapili iliyopita, nikatuma kipande kwenye magrupu yote niliyomo, la kwaya, la majirani, hadi la vikoba. Mpaka leo umesikilizwa mara elfu thelathini na moja. Kuna dada mmoja wa Temeke kaucheza na wanawe watatu, watu wanauliza huyu mzee wa gitaa ni nani. Hatuna kampuni wala meneja, ni simu yangu na bando tu.

Jambo moja dogo. Mwanzoni ulikuwa unaongea kama dakika nzima, unasalimia watu ambao hata siwajui. Huku mtandaoni watu hawana subira, gitaa lisipolia ndani ya sekunde tano wanakupita. Kwa hiyo yale maongezi nimeyakata. Naona wimbo umependeza zaidi.

Asante kwa kuniamini na wimbo wako.

Mwanao,
Noela

Masasi, 15 Juni 2025

Mwanangu Noela,

Marahaba. Sisi wazima, goti linaniruhusu kufika kanisani na kurudi. Nakushukuru kwa kazi yote hiyo. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimeumia.

Sisi wapiga gitaa wa huku hatuanzi kuimba bila kutoa salamu. Unasema kwanza wimbo unamwendea nani, ndipo unagusa nyuzi. Wimbo huu niliutunga kwa ajili ya ile dakika uliyoikata. Hukusikia nilipomtaja Demetria?

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako alinikataza miaka yote, maana hakutaka ukue ukidhani ulikuja kumuua. Desemba ya mwaka ule wa Elinino, siku uliyozaliwa, alipoteza damu nyingi mno. Mvua ilikuwa imekata barabara, ndugu zake wamekwama ng'ambo ya mto, na damu yangu haikufaa. Msichana mmoja aliyekuwa amemletea mgonjwa wake uji akawasikia wauguzi wakiulizana. Akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono atolewe damu. Nilipotoka kumshukuru alikuwa ameshaondoka. Nilipewa jina tu, Demetria, na kwamba kwao walikuwa wanahamia Dar es Salaam.

Namtafuta mwaka wa ishirini na nane huu. Nimezeeka, mwanangu. Nikadhani huo mtandao wenu utamfikia mahali mie nisipofika. Hao elfu thelathini na moja wamecheza, na nawashukuru, lakini hakuna hata mmoja aliyesikia namtafuta nani.

Baba yako,
Stephano

Kibamba, 3 Agosti 2025

Shikamoo baba,

Habari za nyumbani? Mie mzima wa mwili. Nisamehe kwa kukaa kimya wiki saba. Kila nikianza kuandika naona aibu. Nilimkata mtu aliyemwokoa mama yangu, eti kwa ajili ya sekunde tano!

Sijakaa bure lakini. Wimbo nimeurudisha mzima. Tena zile salamu nimezipakia peke yake, sauti yako bila gitaa, na chini yake nimeandika kwamba tunamtafuta Demetria aliyetoa damu Masasi, Desemba 1997. Watu wa kwetu walioko huku nimewatumia mmoja mmoja. Yule dada wa Temeke naye kashea.

Nisikufiche, baba. Wimbo unazidi kupanda, salamu haziendi popote. Nimejaribu kuposti asubuhi, mchana, jioni, mpaka leo waliozisikiliza ni watu mia mbili na kumi na nne tu.

Ningependa kuyajua haya zamani, lakini nashukuru umeniambia.

Mwanao,
Noela

Masasi, 10 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba, hatujambo. Watu mia mbili na kumi na nne unawaita "tu"? Kanisa letu halipati idadi hiyo hata Pasaka! Miaka yote hii nimemtaja mbele ya watu kumi, kumi na watano, na nusu yao wamelewa. Nimefurahi mno, wala sina kinyongo. Mama yako alinipokonya simu akaenda kuzisikiliza salamu jikoni peke yake. Siku hiyo nilikula kuku.

Endelea ukiweza. Usipoweza, umeshanifanyia vya kutosha.

Baba yako

Kibamba, 21 Septemba 2025

Shikamoo baba, shikamoo mama, maana najua mnasoma pamoja,

Habari za afya mtaniambia wenyewe, leo sina subira. Tumempata!

Jumanne mtu mmoja, Filomena, aliandika chini ya zile salamu: "Kama ni Demetria fundi cherehani wa Kawe, huyo ni mama yangu mdogo." Akanipa namba. Jana nikaenda.

Ni mama mfupi, mcheshi, anashona sare za shule. Mwanzo alinikatalia. "Mie damu nimetoa mara nyingi, mwanangu. Nitamkumbuka nani?" Nikamtajia mvua, nikamtajia uji. Akasimamisha cherehani. Akasema, "Yule mama nilimuacha hajafumbua macho. Sikurudi kuuliza. Niliogopa kuambiwa amekufa."

Nikampigia wimbo kwenye simu. Aliposikia jina lake alicheka kwa aibu, akaziba mdomo kwa khanga. Kisha gitaa likaanza, kiitikio kikaingia. Akauliza, "Na huyu mwanamke anayeitikia ni nani?"

Nikamwambia, "Ndiye yeye."

Akanishika mkono, akaniambia nirudishe pale anapoitikia. Nikarudisha mara tano. Mama, hakuutaka wimbo tena, alikuwa anakusikiliza wewe. Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru kwa niaba yetu wote, yeye akaniwahi. Amesema nikufikishie: asante kwa kupona.

Mtoto wenu,
Noela