Nyumba Isiyotaka Mvua

Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi kama lina kesi na mimi, na yale mawingu yaliyokaa juu ya milima ya Iveti wiki nzima yameondoka bila kuaga. Nimekaa juu ya mfuko wa simiti ulioganda, naandika na simu. Mafundi wameenda nyumbani. Hakuna mtu wa kumkasirikia isipokuwa ukuta.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi na mume wangu Mutiso tunajenga Mumbuni, hapa Machakos, kwenye ploti ya arobaini kwa sitini. Futi, si mita. Ni ploti ambayo mbuzi akijinyoosha anamkanyaga jirani.

Tulianza kujenga kwa sababu ya mtu mmoja. Mama yake Mutiso, ambaye sote tunamwita Mwaitu, anaishi peke yake upande wa Masii. Kiangazi cha mwaka jana pipa lake lilikauka, akashuka mtoni na mtungi mgongoni, na wakati wa kupanda akateleza akavunjika mkono. Siku hiyo Mutiso alisema mama yake hatabeba maji tena. Chumba cha kwanza kwenye plani kilikuwa chake, upande wa mashariki, apate jua la asubuhi.

Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba. Kisha nikaingilia kati mimi.

Mkabala na sisi kuna nyumba ya Mama Tevin. Haina paa. Yaani iko nalo, lakini ukuta umepandishwa juu pande zote nne ukayaficha mabati, na ukisimama barabarani unaona boksi jeupe lenye vioo, kama duka la simu lililokosa wateja. Siku hizi Machakos nzima inataka hivyo. Ukijenga nyumba ambayo mabati yake yanaonekana, watu wanakutazama kama umeingia mjini jana na kuku kwapani. Na mimi, ninayesimamia wasichana arobaini wanaoshona suruali kule kiwandani EPZ na hakuna hata mmoja anayeweza kunidanganya, nikadanganywa na boksi.

Mutiso ni mwalimu. Alikuwa amechora nyumba yake kwenye daftari la shule: vyumba vitatu, mabati yanayoteremka, gata za kukinga maji ya mvua pande mbili, na tangi kubwa la maji kila upande. Nilipoiona nilicheka. Nilimwuliza kama anajenga zahanati. Hakujibu. Mutiso hajibu, hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa, na dawa hiyo naidharau kuliko kelele.

Tukaenda kwa mchoraji mjini, mwanamume wa viatu vilivyochongoka. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Nikataka sebule ya watu ishirini, na sisi ni watano, na wageni wetu wakubwa ni akina mama wa chama ambao hupenda kukaa nje. Nikataka maegesho ya magari mawili. Hatuna gari. Hatuna hata pikipiki. Mchoraji aliandika kila kitu kwa heshima, uso mkavu, hakuuliza swali hata moja. Mtu wa aina hiyo ukimwambia unataka uwanja wa ndege atakuuliza tu uwe upande gani.

Penye matangi ya Mutiso pakawa maegesho. Maji ya paa, akasema mchoraji, yatapita kwa paipu mbili na kutemwa barabarani. Nilisikia vizuri. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili.

Na mfereji wa mtaa huu unajulikana. Unaufungua, unakohoa hewa, unanyamaza. Hata maji ya kukorogea simiti tunaletewa na mkokoteni.

Sasa leo. Kuta zimefika juu, na fundi wetu Kioko ameanza kupandisha ule ukuta wa kuficha mabati. Kioko ni mtu wa "hakuna shida". Mwambie nyumba isimame kwa kichwa, hakuna shida. Kufikia saa sita alikuwa ameweka kozi mbili, yaani mistari miwili ya mawe, zimebaki nne. Hapo ndipo Mutiso akafika na mama yake, ambaye hajawahi kuona mjengo huu hata siku moja.

Alikuja amevaa nguo ya kanisani, na kiondo cha ndengu mkononi. Nikamzungusha kote. Nilijisikia nikiongea kama wale watu wanaouza viti vya plastiki na maikrofoni. Sebule hii hapa, Mwaitu. Dirisha hili linatoka juu hadi chini. Hapa magari yatakaa. Aliniuliza magari ya nani. Nikasema ya baadaye. Alikubali kila kitu kwa kichwa. Chumbani kwake alishika ukuta kwa kiganja, akasema ni pazuri, na nikavimba kama andazi.

Kisha akatoka nje, akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama juu. Alitazama kwa muda mrefu. Jua lilikuwa limempiga usoni na ile alama yake ikaonekana vizuri: mfereji unaopita juu ya paji la uso, uliochimbwa na ukanda wa mtungi tangu alipokuwa msichana. Kwetu maji hubebwa mgongoni na ukanda unapita kichwani. Wanawake wa rika lake karibu wote wako na alama hiyo.

"Na mvua ikinyesha," akaniuliza, "maji itaingia wapi?"

Nikamwambia yatashuka kwa paipu.

"Ikishuka inaenda wapi?"

"Inaenda barabarani, Mwaitu."

Mutiso akaanza kuchunguza kiatu chake. Kioko, juu ya ngazi, akagundua kwamba mwiko wake unahitaji kusafishwa sana. Wanaume wawili wazima. Nikangoja mmoja wao aniokoe, na nikawadharau kwa kutoniokoa, ingawa boksi lilikuwa langu.

Mwaitu akaomba maji ya kunywa. Nikammiminia kikombe kutoka kwenye chupa yangu. Akanywa nusu. Akausogelea ukuta wa chumba chake, akaukwaruza na ukucha, mchanga ukamwagika. Ukuta ulikuwa haujamwagiliwa maji ya kukomaza simiti tangu ujengwe, kwa sababu Kioko alikuwa anahurumia maji ya mkokoteni. Nusu kikombe iliyobaki akaimwaga hapo polepole, kwenye kiungo cha mawe mawili, mpaka tone la mwisho.

"Mimi nitabaki Masii," akasema. "Kwangu mabati ni kumi na nane na iko na gata. Hapa nitakuwa wa kungojea mkokoteni."

Hakukuwa na ubishi ndani ya sauti yake. Nilitaka kumwambia yeye ni mkaidi. Nilitaka kumwambia hajui nyumba za kisasa. Joto lilikuwa limenishinda, nikapandisha nywele za mbele nijipanguse jasho.

Hizi nywele ni za kununua, na huwa zimekatwa mbele mpaka kwenye nyusi. Kazini wanadhani ni mtindo. Nafunika alama yangu. Ni ndogo kuliko yake, miaka kumi tu ya mtungi kabla ya kwenda sekondari ya bweni, lakini iko. Nimeificha kwa mume, kwa wakwe, kwa kila picha ya harusi.

Mwaitu akaniwekea kidole hapo hapo, kwenye paji.

"Siku Mutiso alikuleta nyumbani, niliangalia hapa kwanza. Nikasema huyu anajua maji."

Akaniachia ndengu, akachukua kiondo chake kitupu. Mutiso akamsindikiza stendi.

Nimeona aibu. Si ile ndogo ya kuchekwa na jirani. Mtu amevunjika mkono akitafuta maji, sisi tukakimbia kumjengea nyumba, na mimi nikaijenga ile nyumba iyateme maji barabarani ili wapita njia wasijue kwamba tunatumia mabati. Nani mwingine angefanya upumbavu huu? Mtu wa nchi ya mvua nyingi angesamehewa.

Nilipanda ngazi ya Kioko kuona kazi yake, au kulia mahali pasipo na watu, sijui. Ukiwa juu pale unaona paa la Mama Tevin ambalo barabarani halionekani. Nyuma ya ule ukuta mweupe amelitandika karatasi ya nailoni kutoka mwanzo hadi mwisho, imeshikiliwa na matairi ya zamani, na pembeni kuna beseni mbili za bluu. Paa linavuja. Mwaka mzima huyu mama ananisifia boksi lake kutoka langoni kwake, na linavuja kama chujio. Mficha uchi hazai. Nikacheka mpaka ngazi ikatikisika, kisha nikakumbuka ngazi yenyewe imeegemea ukuta wa mtindo huo huo.

Nikamwambia Kioko abomoe hizo kozi mbili. Akasema mbao za paa zilishakatwa fupi, zisitokeze nje ya ukuta. Nikamwambia atafute ndefu. Akasema plani ilishapitishwa. Nikamwambia tutairudisha ichorwe upya. Akanitazama, akatazama mawe yake, akasema hakuna shida, na kwa mara ya kwanza niliona usoni mwake kwamba shida ipo.

Mutiso aliporudi kutoka stendi nilimweleza kwa sentensi tatu. Mabati yataonekana. Gata pande zote. Magari ambayo hatuna yatahama, matangi yakae pale. Alifungua mkoba wake wa shule, akatoa lile daftari, na mchoro wake ukiwa bado ndani umekunjwa mara mbili. Miezi yote hii ametembea nao na hakusema neno. Sijui kama nimkumbatie au nimpige na beleshi. Ametangulia nyumbani kupika, heri yake.

Nimempigia Mwaitu simu, amefika salama. Nikamwambia ukuta unabomolewa Jumatatu na tangi litakaa chini ya dirisha lake. Nilitarajia baraka, au hata asante. Akauliza tangi ni la ukubwa gani. Nikamwambia. Nikasikia kuku wake.

"Likijaa, uniite," akasema, akakata.

Kwa hivyo hajakubali. Anangoja maji, hangoji maneno yangu, na sina haki ya kumlaumu.

Nimetazama tena Iveti. Hakuna wingu hata moja.

Kesho ni Jumapili. Nitafunga nywele zote nyuma na kwenda kanisani, nikae kiti cha mbele, na Mama Tevin anitazame usoni mpaka atosheke.