Jina la Okia na Siku Ishirini na Saba

Busia, upande wa Uganda
Ijumaa, 20 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Aziz,

Assalaam alaykum. Joto la Juba unaliwezaje, na kile kikohozi kimeacha? Sisi huku wazima. Mahindi ya Bulumbi yameanza kuingia, mashine zangu mbili za kusaga hazizimi.

Sasa niseme. Tangu tarehe 24 Mei, ulipomeza kidonge cha mwisho, umepoteza siku ishirini na saba. Nimezihesabu mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Hesabu mimi sikosei, unanijua.

Barua hii anakuletea Mahmudu wa lori, mkononi. Nimeifunga kwa gundi, hajui kilichomo. Ile simu mnayoazimana hapo yadi ya kazini kwenu sikuiamini.

Miaka minne najua unameza dawa za virusi. Nilichokuwa sijui ni kwamba kliniki, ng'ambo ya Kenya, ulijiandikisha kwa jina la Okia, ukaacha namba yangu. Muuguzi wao, Betty, alinipigia mara mbili mwezi huu akimtafuta Okia. Mara ya kwanza nikasema amekosea namba. Mara ya pili nikafoka: "Mama, hapa hakuna Okia, niache nisage unga!" Kumbe nilikuwa nakukana wewe, Aziz.

Ujumbe wako wa Jumatano ndio ulionifungua macho. Kliniki ya huko walitaka barua ya uhamisho. Ukaona barua itasema Okia, pasi inasema Aziz, ukatoka kwenye foleni usije ukaitwa mwongo. Ukasema pia kwamba jina ulilificha ili wateja wangu wasijue. Hapo umeniumiza. Nani alikwambia biashara yangu inakupita wewe? Nilianza na debe moja la mahindi, wewe mgongoni. Nikilazimika, nitaanza tena na debe moja.

Jana nilivuka, nikamweleza Betty. Nilitegemea kugombezwa, yeye akacheka! "Dada, ma-Okia wa hivyo ninao kumi na mmoja. Wa kwenu wanajificha kwetu, wa kwetu wanajificha Tororo, huko kwenu Uganda. Aje tu, jina tutalirekebisha." Kisha akaacha kucheka. Alisema dawa ikikatika muda wote huo virusi vinapata nguvu, kwa hiyo lazima upimwe damu wewe mwenyewe. Mimi siwezi kukuchukulia dawa. Na kila siku inayoongezeka inakula mwili wako.

Ukija tutakaa wote kwenye benchi la kliniki, mchana kweupe. Mwenye swali ataniuliza mimi.

Shangazi Sakinah anakusalimu sana, hajui lolote. Jamil, mtoto wa Nuriat, anajifunza pikipiki. Ameshaanguka mara tatu na bado anaringa. Mwenyezi Mungu akupe afya, akutoe huko salama.

Mahmudu atafika Jumatatu, na Jumatano alfajiri anageuza kurudi Busia. Nimekuwekea nafasi mbele, pembeni yake. Azima simu unipigie kabla ya Jumanne saa kumi jioni. Usiniambie "tutaona, dada". Niambie neno moja: unapanda, au hupandi?

Dada yako, ambaye moyo wake uko huko uliko,
Habibah