Siku Wasomi Walipofurahia Mkaa Wangu

Rhotia, Jumatano jioni. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umegoma kuondoka, na mimi naogopa.

Kwanza niweke mambo sawa. Habari ya leo imefika Karatu kabla yangu, na kila anayeisimulia anaikosea. Vijana wa bodaboda wanasema nilitumbukia shimoni. Mke wangu Paskalina anawaambia majirani nilijifungia chooni mpaka wasomi wakaja kunibembeleza. Lekishon, rafiki yangu Mmasai wa kule Nainokanoka, kanipigia simu saa kumi kunipa pole, eti amesikia Mbulu mzee kalia mbele za watu kama ndama aliyenyimwa ziwa. Waongo wote. Sikutumbukia, sikujifungia, sikulia. Vumbi liliniingia jichoni, basi.

Sasa sikia kutoka kwa mwenyewe.

Mimi shule sikukanyaga. Hata hapa siandiki, naisemesha simu nayo inaandika. Binti yangu wa Arusha ndiye alinifungulia huu ukurasa. Lakini wasomi nawajua kuliko wanavyojuana wenyewe. Tangu ujana nimewabebea masanduku, nimewapikia ugali, nimewapandisha mpaka Nainokanoka wakihema kama punda. Zamani nilidhani msomi ni msomi tu, kama ng'ombe ni ng'ombe. Wapi. Kuna niliyembebea mzigo akahesabu mavi ya tembo, na siku akikosa mavi anakosa usingizi. Kuna aliyekaa miezi miwili anasikiliza nyuki. Kuna aliyewauliza akina mama wanaota nini mvua ikichelewa. Mmoja alitazama jiwe wiki nzima bila kusema neno. Nikamwambia Paskalina, siku jiwe likimjibu huyu, tunakimbia wote.

Na kila mmoja nilimpa hadithi ya saizi yake. Wa nyuki nikampa nyuki, wa jiwe nikampa jiwe. Raha yao ilikuwa kwamba hawakutani. Wa nyuki hamuulizi wa jiwe, kila mtu na njia yake.

Sikujua kwamba siku moja wangeingia kwenye shimo moja. Tena la kwangu.

Aliyeanza ni Felista. Ni binti wa kwetu, kwao Mbulu, anasomea udaktari wa historia, ule usiotibu mtu. Miaka mitatu iliyopita alipita huku akiwauliza wazee, babu zenu walijificha wapi wakati wa kuporwa ng'ombe? Tulikuwa tunakunywa chai. Kila mzee akataja nyumba ya babu yake, zile za kuchimbia ubavuni mwa kilima, paa udongo na majani, mtu anapita juu asijue kama chini kuna watu na mifugo. Zamu yangu ikafika. Kwetu haikuwepo nyumba kama hiyo, au kama ilikuwepo sikuambiwa.

Ningekaa kimya? Mimi?

Nikanyoosha kidole kwenye bonde dogo pale mwisho wa shamba langu. Nikasema, pale. Pale babu yangu Tluway alificha ng'ombe kumi na moja siku saba, Wamasai wanakanyaga paa na hawajui. Nikaongeza dume moja lililotaka kupiga chafya, Tluway akaliziba pua kwa ngumi. Felista alicheka mpaka chai ikamwagika. Akaandika yote.

Lile bonde ni shimo nililochimba mwenyewe. Mwaka niliomuoa Paskalina, baba yake alisema binti yake haendi kupikia kwenye kibanda cha miti. Nikachimba udongo palepale, nikafyatua tofali, nikapanga tanuru na kulichoma siku tatu. Tofali zenyewe ndizo hizi za jiko hili ninamokaa sasa hivi. Naziegemea na zinanitazama.

Jumatatu Felista alirudi na wenzake wawili. Mmoja anasoma udongo, nimempa jina Bwana Udongo. Mwingine ni mama mpole anayeosha udongo kwenye ndoo kama mchele mpaka vimbegu vya zamani vinaelea. Huyo ni Mama Mbegu. Felista akanieleza kwa nini wamekuja. Walimu wake hawaamini maneno ya wazee. Wanamwambia mdomo wa mzee si ushahidi. Yeye kabishana nao, kaandika kitabu kizima kwamba neno la mzee lina uzito sawa na kitu kilichochimbwa ardhini, na kitabu kinaanza na shimo langu. Ijumaa hii walimu hao wanakuja Karatu kumsikiliza. Wakimkataa, miaka yote ile imekwenda na maji.

Tangu hapo nikawa nawachekesha wasahau kuchimba.

Felista namuweza, maana yeye anauliza nani alisema. Bwana Udongo haulizi nani alisema. Anachota udongo, anausugua vidoleni, anauweka ulimini. Nikamtania, mwanangu, umetoka kwenu bila kunywa chai? Akacheka, akaendelea kuuonja. Nikajua hapa nimekwisha. Mtu unaweza kumchekesha akasahau swali. Udongo hauchekeshwi.

Leo saa nne, katika kuchimba, wakafika kwenye udongo mwekundu ulioungua. Chini yake, mkaa.

Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia mkaa namna ile. Bwana Udongo akapiga magoti kwenye tope. Mama Mbegu akaacha ndoo zake. Felista akatoka shimoni mbio akanikumbatia, matope na yote, akasema, "Babu, umeniokoa. Ni jiko. Ni jiko la Tluway."

Nikajipangusa tope.

Bwana Udongo akaokota vipande kwa kibano, akavifunga kwenye karatasi ya kung'aa. Akasema vitapelekwa nje, kuna mashine inayojua mti ulikufa lini.

"Inajua kabisa?" nikamuuliza.

"Karibu-karibu, mzee. Mkaa haudanganyi."

Mti ule najua ulikufa lini. Niliukata mimi.

Nikauliza tena, majibu huchukua muda gani. Akasema miezi. Na hapa nakiri jambo ambalo sijamwambia hata Paskalina. Nilipiga hesabu ya uzee wangu na kikohozi hiki, nikaona huenda nikafa kabla majibu hayajarudi. Moyo ukatulia kidogo. Nilifurahia kufa kwangu, mjue hilo. Niliogopa aibu kuliko kaburi.

Halafu nikamtazama Felista anavyopiga picha ule mkaa. Ijumaa atasimama nao mbele ya walimu. Majibu yatakaporudi mimi nitakuwa nimelala zangu chini ya udongo, na yeye atakuwa amesimama peke yake juu.

Paskalina akaleta chai. Wakakaa kwenye ukingo wa shimo, wamejifunika turubai kwa ajili ya manyunyu. Nikasimama mbele yao.

"Hilo ni tanuru langu la tofali," nikasema. "Tluway hakukaa hapo. Nilitunga."

Bwana Udongo alikuwa ameinua kikombe, hakukishusha wala hakunywa. Paskalina akasema kwa lugha ya kwetu, kumbe na wewe una siku ya kusema kweli, akarudi jikoni.

Felista hakunifokea. Heri angenifokea. Aliuliza kitu kimoja.

"Na dume la chafya?"

"Nililitunga."

"Lipo ukurasa wa kwanza, babu."

Ni hapo vumbi liliponiingia.

Alijifuta matope mikononi. Kisha akafungua daftari ukurasa mtupu. Akasema tuanze upya, nimwambie nilichokiona kwa macho yangu, nisitie chumvi hata chembe.

Nilidhani nina gunia zima. Nikatafuta. Mzee mzima, shamba nimezaliwa humu, nikakuta mengi niliyanyanyua kwa watu nikayavalisha nguo zangu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ule mkaa. Nilikuwa kama mtu anayepapasa mfuko akijua pesa ipo, anakuta uzi.

Nikapata kitu kimoja. Pale juu ya shimo kuna mringaringa mkubwa. Nikiwa mtoto, mama yangu akifika karibu na ule mti alinyamaza, hata kama alikuwa katikati ya neno. Tulipita kimya. Tukishauacha nyuma, alimalizia lile neno kama vile hakuna kilichotokea. Kila siku hivyo. Sijawahi kumsimulia msomi yeyote, maana haina utamu, wala mwisho.

"Kwa nini alinyamaza?" Felista akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa na majibu matano tayari, na moja lilikuwa na chui. Nikayameza yote.

"Sijui."

Akaandika. Niliona kalamu ikitembea. Nikamuuliza ameandika nini, akanisomea: sababu, hajui. Miaka yote hii wasomi wameandika kila upuuzi wangu. "Sijui" yangu haijawahi kuandikwa na mtu.

Bwana Udongo akaweka kikombe chini, akaenda kwenye mringaringa. Akachuchumaa mizizini, akachota kidogo, akaweka ulimini. Mama Mbegu akamfuata na ndoo. Wanatafuta nini hapo, mimi sitawasemea.

Felista anasema Ijumaa atawaambia walimu kwamba shimo ni tanuru. Atasema yeye mwenyewe, kabla hawajamuuliza. Hajui watamfanya nini. Kanipa kiti cha mbele, anataka niseme kwa mdomo wangu kwamba nilitunga, kisha habari ya mama na mti, kisha lile "sijui", halafu niketi. Lekishon ameapa kushuka kutoka Nainokanoka aje kuona Mbulu akisema maneno machache. Nimemwambia aje na shuka ya kujifutia machozi ya kicheko.

Ila bado naogopa. Nimewahi kulala nje na simba anakohoa bondeni, sikuogopa hivi. Na huyo simba alikuwepo kweli, muulizeni Lekishon.

Je, nitaweza kusema yale matatu tu nikaketi? Watu watakaa kimya wakingoja utamu, na mimi sijawahi kukiacha kimya cha watu bila kukijaza. Koti limeshapigwa pasi. Nitakwenda.

Na lile vumbi. Leo imenyesha tangu alfajiri, si nimesema mwenyewe pale juu? Vumbi nimelitunga.