Hadithi Anayonisomea Shemeji Yako

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu motomoto kabla hujaanza kunilaumu kwa ukimya. U hali gani, na hilo goti je, bado linakusumbua? Wanao hawajambo? Sisi huku wazima, tena wazima kwelikweli, maana safari hii barua naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usimwambie mtu, sababu utaiona mbele.

Jicho linaendelea vizuri. Ile konea, kile kioo cha mbele ya jicho nilichopandikizwa kutoka kwa marehemu nisiyemjua, imekubali kukaa, na kila asubuhi namwombea yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukungu umeondoka. Taa za magari bado zinatawanyika na kunichoma, matone hayajaisha, na daktari kanikataza kulisugua hata likiwasha vipi. Nyuzi chache za mshono zimebaki jichoni, atazitoa taratibu. Lakini sindano natunga mwenyewe, dada! Nimeona pia vumbi la juu ya kabati, na nguo nilizowashonea wateja wakati ule wa giza. Mungu awabariki, walizivaa hivyo hivyo. Na mume wangu nimemwona. Amezeeka kidogo, lakini bado anatazamika.

Uliniuliza kama herufi ndogo nazisoma. Nazisoma, ila hapa nyumbani nimesema bado zinanigomea. Unamjua shemeji yako, fundi bomba asiye na maneno. Hata posa aliileta kama mtu aliyekuja kutazama bomba linalovuja. Macho yangu yalipofifia, akaanza kunisomea hadithi ya gazetini kila jioni akitoka kazini, ya mjane mmoja mwenye duka la vitambaa. Tangu anioe sijawahi kumsikia akiongea kiasi kile. Nikikiri kwamba naona, atanikabidhi gazeti nisome mwenyewe, naye atarudi kwenye ukimya wake. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Sasa sikia. Wiki iliyopita nilimsogelea nikachungulia. Mjane alikuwa amefungiwa stoo na wifi yake, roho yangu iko juu, kumbe ukurasa ulio mbele ya mume wangu ni matangazo ya viwanja! Alipoingia kuoga nikalipekua gazeti lote. Hadithi hakuna. Anatunga mwenyewe, dada, mtu ambaye ukimwuliza habari za kazi anajibu "nzuri" basi. Nililia kwa furaha, nikayafuta machozi kwa uangalifu nisije nikaharibu kazi ya daktari.

Nikanyamaza. Lakini jana mjane alikaribia kumkubali tapeli mmoja anayejidai ana magari, na mdomo wangu unaujua. Nikamwambia mume wangu tafadhali asimwozeshe kwa mtu yule. Neno likawa limeshatoka. Akashusha gazeti, akalitazama jicho langu jipya kwa muda mrefu, nami nikajua mchezo umekwisha. Kisha akaliinua tena, akasema basi, haolewi, akaendelea kusoma.

Wasalimie wanao wote, na goti ulipe mapumziko. Shemeji yako anakusalimu pia, kwa neno moja kama kawaida yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Chiriku