Karatasi Isiyofukizwa Udi

Kisiwa cha Oki, mwezi wa tatu, mwaka wa tano wa enzi ya Bunji. Wa ishirini na tisa tangu nikimbie mji mkuu.

Mwanangu Tokifusa,

Salamu nyingi. Figili zimestawi, kikohozi kimepungua. Barua yako imefika: nirudi na hati ya mashamba ya ukoo, kwa kuwa samurai wa Kamakura, wanaotawala sasa, wanawarudishia wenyewe ardhi yao.

Mwandiko ni wako. Lakini tangu enzi za babu yako, nyumba yetu haijatuma karatasi bila kuifukiza udi. Hii ilinuka jasho la farasi.

"Mzee, unasoma au unanusa?" alicheka mtawa aliyeileta.

"Macho yamechoka, mtakatifu. Hebu nisomee sala moja ya wafu."

Akadai koo limemkauka. Vidole vyake vina sugu za upinde.

Naamini walikusimamia ukiandika, nawe ukaacha udi makusudi. Ahsante, mwanangu. Jibu hili nampa muuza mwani anayevuka kwenda bara, si mtawa huyo. Wakikuuliza, hati iliungua zamani. Nami nimemwambia hivyo hivyo. Mji mkuu sirudi tena.

Baba yako mdogo,
Arimune