Zuhura wa Mama Abdulhadi

Shosti, ndo natoka kwa Mama Abdulhadi huku Kibamba, yaani nataka kutapika!

Si leo kwenye kikao chetu cha vitabu tulikuwa tunamsoma yule mshairi wa zamani aliyekuwa mtumwa Marekani? Nikawasimulia alivyoibwa Afrika akiwa mtoto, wakampa jina la meli iliyomleta.

Mama Abdulhadi akalia. Akalia kabisa! "Masikini, hata jina wamemnyang'anya!"

Kisha akaita, "Zuhura, leta chai!"

Akaja dada wa kazi mpya. Zuhura tuliyemzoea si aliolewa? Nikauliza, kumbe huyu naye Zuhura?

"Wote nawaita Zuhura, mwanangu. Nani atakariri majina?"

Na machozi bado mashavuni, shosti!

Nikamfuata binti jikoni, nikamuuliza jina lake.

Akachungulia mlangoni kwanza, ndo akaninong'oneza.