Nafasi ya Mgonjwa Mmoja

Busawe, Serengeti

Dada yangu Zaituni,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mko wazima hapo Kondoa, na kwamba mvua imewakumbuka kuliko ilivyotukumbuka sisi. Mimi napumua. Cherehani nayo ni nzima; aliyeharibika ni fundi.

Ni mgongo uleule, dada. Nikikanyaga pedali asubuhi, ikifika mchana mguu wa kulia hausikii amri. Kwa hiyo tulipoambiwa gari la hospitali kubwa litapita zahanati ya kijiji, tena lina nafasi ya mgonjwa mmoja wa kupelekwa kwa daktari wa mifupa, nilivaa kanzu safi nikawahi.

Tulikuwa watatu kwenye benchi. Wa kwanza Mzee Mwita, jirani yangu. Kiuno kinamtesa tangu tulipohamishiwa vijijini, alipobeba mlango wa nyumba yake ya zamani mgongoni. Akitembea husimama akajifanya anatazama ng'ombe, hata mahali pasipo na ng'ombe. Mwingine kijana Marwa, aliyeanguka akiezeka ghala la ushirika. Na mimi katikati yao, kwa kukaa na kwa umri.

Mganga wa zahanati hana chumba cha pembeni. Huuliza mbele ya wote. Akaanza na Mzee Mwita, akimwita tata, yaani baba kwa Kikurya.

"Tata, unaumwa sana?"

Sasa ujue, mzee wa Kikurya hakunji uso mbele ya waliotahiriwa baada yake. Mzee Mwita akamtupia Marwa jicho, akasema, "Nani kakuambia naumwa? Nimekuja kusalimia."

"Basi ni uzee, tata." Akapewa aspirini.

Marwa akaanza kueleza kabla hajaulizwa, machozi yanamtoka. Mganga akacheka. "Kijana kama wewe, mgongo? Shamba la ujamaa linapaliliwa leo. Dawa yako iko huko."

"Mganga, silali!"

Mzee Mwita akatema mate. "Hata kwenye kisu ulilia hivi?"

Kijana akafuta machozi, akataka kuondoka. Hakuweza kunyanyuka mpaka nilipomshika mkono.

Zamu yangu ikafika. Dada, maneno nilikuwa nimeyapanga tangu juzi: usingizi, ganzi, mguu. Nikahisi mzee ananitazama upande huu, kijana upande ule. Nikasema, "Naona nafuu."

Gari likaondoka. Kwenye nafasi ya mgonjwa dereva aliweka mkungu wa ndizi, akaufunga kamba usije ukaumia njiani.

Jioni Mzee Mwita alikuja kunisifu. "Fundi, sasa wewe ni mwanamume wa hapa." Nikamwekea kigoda. Hakuna kati yetu aliyeweza kukikalia.

Siku hizi nashona vifungo tu. Basi la kuja huko sitaliweza, kwa hiyo msiniwekee chakula cha Idi, mwaka huu wala mwakani.

Nisalimie shemeji fundi baiskeli, na mjomba Idrisa anayetuadhinia. Mama akiuliza habari za mgongo, mwambie ni umri tu. Atakubali, maana ndivyo waganga walivyomwambia na yeye kuhusu magoti yake.

Mdogo wako, damu moja,
Salimu